Mbega Walivyovuka Barabara ya Magogo

Wenzangu wa kituoni, siku mliyoniaga kwa pilau na saa ya ukutani mliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Pilau ilikuwa nzuri. Saa imekwisha kusimama. Kilichobaki ni ombi lenu, na nimeona nilitimize kabla miguu haijaanza kunidai usingizi wa mchana.

Vyeo sitavieleza. Vimo kwenye jalada langu, na jalada hilo mara ya mwisho nililiona likizuia mlango wa masjala usipigwe na upepo. Nitawaeleza habari ya mbega wa Kwengoma, kwa sababu wengi wenu mnapita chini yao kila siku na mnadhani walikuwa wakipita hapo tangu dunia iumbwe.

Mimi ni mtoto wa Nguvumali, Tanga mjini. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, mama akipika vitumbua. Msitu niliokuwa naujua ni mikoko, na baridi niliyokuwa naijua ni ya maji ya mtungi. Nilipomaliza chuo cha misitu nikapangiwa Lushoto, juu kabisa, nilifika na magauni mawili, kanga, na sweta sina. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana kweupe hata sikuiona nyumba ya kituo mpaka nikaigonga kwa mkono.

Mkuu wa kituo alikuwa Bwana Singano, Msambaa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alitoka akanitazama kuanzia viatu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye bwana miti mpya?"

"Ndiye mimi."

"Barua ilisema Z. Mbaruku. Hawakusema Z ni ya Zuhura." Akaingia ndani, akarudi na koti la kijeshi lililoliwa nondo kwenye kola. "Vaa. Maswali mengine tutaulizana ukiacha kutetemeka."

Ndivyo nilivyoajiriwa kwa kweli. Yale ya ofisini yalikuwa karatasi tu. Wanakijiji waliniita Bibi Miti kuanzia wiki ile, na jina likanishika. Nilipoolewa nilihamia kwa mume wangu na jina hilo hilo.

Asubuhi yangu ya kwanza Singano alinipeleka ukingoni mwa msitu, akanionyesha jiwe. "Leo kazi yako ni kukaa." Nikakaa. Kulipoanza kupambazuka nikasikia mngurumo kutoka bondeni, mzito, wa kukwaruza, kama lori linalopanda mlima kwa gia ndogo.

"Gari gani lile, mzee?"

"Gari hatuna, na mafuta hatuna. Lile ni dume la mbega. Anawaambia jirani zake kwamba ameamka na hataki ugomvi."

Jua lilipogusa vilele vya miti, wakatoka mmoja mmoja. Weusi, mabega yamefunikwa manyoya marefu meupe kama wazee waliotupia shuka, mkia mrefu umening'inia. Wakakaa juu kabisa, vifua vimeelekea jua, wala hawakufanya kitu kingine. Nikauliza mbona wavivu. Singano hakupenda neno lile. Akanieleza kuwa mbega anakula majani. Majani hujaza tumbo lakini nguvu yake kidogo, na usiku wa huku juu ni wa baridi kali. Kwa hiyo mbega hatupi nguvu zake ovyo. Huota jua kwanza, ndipo atembee.

"Ni kama sisi wananchi wa sasa," akasema. "Tunakula unga wa yanga, huu wa njano wa msaada, tumbo limejaa, mwili unauliza chakula kiko wapi."

Ile ilikuwa miaka migumu, na wazee wenzangu hawahitaji kukumbushwa. Sabuni ilikuwa habari. Sukari ikifika duka la ushirika, watu walijua kabla lori halijazima injini. Land Rover ya kituo ilikaa juu ya mawe mpaka kuku wakaifanya nyumba. Tulipiga doria kwa miguu, tumevaa katambuga za tairi zinazoteleza kwenye matope kama sabuni tuliyoikosa. Mirija ya plastiki ya kuoteshea miche haikupatikana. Tulikunja magamba ya mgomba, tukayafunga kwa ukili, na miche ikaota vile vile. Darubini ilikuwa moja, na jicho lake moja limeota ukungu ndani ya kioo. Nimetazama nyani, ndege na majangili kwa jicho la kushoto maisha yangu yote, na hata leo nikisoma gazeti nafumba la kulia.

Kwa darubini hiyo Singano alinifundisha kutofautisha. Kima ni wa kijivu kilichoiva kuwa cheusi, mwepesi, ana mifuko mashavuni. Hula tunda, mdudu, chipukizi, na chochote ulichopanda wewe. Mbega hana dole gumba. Mkono wake ni kama kulabu, umeumbwa wa kushika tawi na kuliachia, na chini ardhini hajisikii nyumbani hata kidogo. "Ukimwona mbega ameshuka chini," alisema, "jua kuna jambo limeharibika juu." Nilijifunza miti kwa kumfuata mbega: majani machanga ya mshai anayapenda kama mtoto na embe bichi, mkuyu huutembelea, kwenye mse na mkulo hulala, kwa kuwa ni miti mirefu na chui hachoki kujaribu.

Watu nao walikuwa wakiingia msituni kutafuta chakula. Walifyeka chini ya miti wakapanda maharage, wakapasua mbao kwa misumeno ya mkono. Kwa mujibu wa kanuni nilitakiwa kumkamata kila mmoja. Singano aliwakamata wapasuaji waliokuja na tajiri nyuma yao. Mwenye njaa alikaa naye kwenye gogo, wakazungumza mpaka wakakubaliana mpaka uko wapi. Kesho yake alirudi kutazama kama makubaliano yamelala salama. Keshokutwa tena. Nilidhani ni upole. Nilipokuja kuifanya kazi hiyo mwenyewe niligundua ni ukaidi, tena wa hali ya juu.

Katika doria hizo ndipo nilipokutana na Mama Hiza. Alikuwa mjane wa makamo, shamba lake la mahindi limegusa msitu pale Kwengoma, watoto wamemzunguka, na mbwa wake wakali kuliko mbwa wowote niliowahi kuwaona. Nilimsalimia kwa Kishambaa changu cha kuungaunga.

"Onga mshi, mama."

"Salamu hazifukuzi kima," akanijibu kwa Kiswahili, bila kuinua mgongo. "Ng'ombe wangu akiingia msituni kwenu, mnanitoza faini. Kima wenu wakiingia shambani kwangu, mimi namtoza nani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba kanuni zetu hazisemi, na nadhani ndiyo sababu hakuniachia mbwa.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, serikali ilipoachia biashara. Singano alikwisha kustaafu akaenda kwake kufuga nyuki, nami nikabaki na kituo na darubini ya jicho moja. Mambo yalifunguka. Sabuni ikarudi na rangi zake zote. Mitumba ilipanda mlimani, na kwa mara ya kwanza niliona watu wazima wakilia kwa furaha ya koti. Sijawahi kuwacheka wanaosifu ruksa. Nami nilinunua koti. Lakini pamoja na makoti yalipanda malori ya magogo.

Barabara ya Kwengoma, zamani, ilikuwa njia nyembamba ikipita katikati ya msitu. Juu yake ulikuwa msitu mkubwa, unaopanda hadi kwenye kilele. Chini yake ulikuwa msitu mdogo wa bondeni, wenye mikuyu na mishai. Gari likipita, majani yalilipangusa pande zote mbili, na juu matawi yalikuwa yamekumbatiana. Mbega hawakujua kuwa kuna barabara. Wakati wa majani machanga bondeni walishuka, kiangazi walipanda, na sisi tukapita chini yao tukiangukiwa na maganda.

Malori yalitaka nafasi. Kibali kilitoka juu, nami niliandika kupinga. Nilijibiwa kwamba hoja zangu zimepokelewa. Kwa wale ambao hamjakaa serikalini muda mrefu, kupokelewa ndio mwisho wa safari ya hoja. Katapila likaja, likakata miti pande zote mbili, na barabara ikawa pana, nyekundu, imeanikwa juani kama kidonda.

Kundi moja la mbega lilibaki upande wa bondeni. Niliwaona wakija hadi mti wa mwisho, wakakaa, wakatazama ng'ambo, wakarudi. Kesho hivyo hivyo. Msimu wa kiangazi uliponoga, mishai ya bondeni ilikuwa imebaki vijiti. Wakaanza kula magome. Nilijua watashuka, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kuwaomba madereva waende polepole. Madereva walinijibu kwa heshima kubwa, wakaongeza mwendo.

Walishuka asubuhi moja baada ya ukungu kuondoka. Nilikuwa kwenye kitalu niliposikia mbwa. Nilikimbia, na nilipofika barabarani dume na wengine walikuwa wamekwisha kurudi mitini bondeni, wanakoroma kwa hofu. Jike mmoja alikuwa amelala katikati ya barabara, amekufa. Mbwa walikuwa wa Mama Hiza. Alikuwa amefika kabla yangu, anawapiga kwa mpini wa jembe ili wamwachie. Vijana wawili watatu nao walikwisha kusimama wakizungumzia ngozi.

"Mwache achunwe, Bibi Miti," mmoja akasema. "Amekwisha kufa. Na ni mwizi wa mahindi huyu."

"Huyu hajawahi kula mahindi."

"Wewe ulikuwa tumboni mwake?"

Nikamwambia Mama Hiza anipe kisu. Alinitazama, akaenda nyumbani, akaleta kisu cha kumenyea mihogo. Nilimgeuza yule mbega ili nimpasue, na hapo ndipo tulipoona. Chini ya mkono wake, ameshikilia manyoya ya kifua, kulikuwa na mtoto. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepe, mwili mzima, uso wa waridi, na huyu alikuwa hai. Hakulia. Alikuwa amekaza vidole vyake vinne kwenye mama yake kana kwamba kushika ndiyo kazi pekee aliyofundishwa, na kweli ndiyo.

Mama Hiza akaweka jembe chini, akapiga magoti barabarani, akamfungua mtoto kidole kimoja kimoja, akamtia kifuani ndani ya kanga.

"Mpasue," akaniambia. "Nataka kuona."

Nikampasua. Tumbo la mbega ni kubwa, lina vyumba kama la ng'ombe, na lote lilikuwa limejaa majani yaliyosagika na vipande vya magome. Nililimimina mbele yao. Mama Hiza akachukua kijiti akachokoa, akatafuta punje ya hindi kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Hakuiona.

"Na kima?" akauliza. "Nikikuletea kima umpasue?"

"Ukiniletea kima utakuta mahindi yako, mama. Sitakudanganya."

Akaitika kwa kichwa. Vijana wakamchukua mbega wakamzika. Habari ya ngozi haikutajwa tena.

Tulimlea yule mtoto nyumbani kwa Mama Hiza, kwa sababu hakutaka kumwachia. Tulimpa maziwa ya mbuzi kwa pamba, tukamlaza karibu na jiko. Mama Hiza alimbeba mgongoni akilima, na watu waliopita njiani walimcheka, naye hakujali. Lakini tumbo la mtoto wa mbega halikuumbiwa maziwa ya mbuzi. Nilijua hivyo, nami nikaendelea kumkamulia. Alikufa mchana, mgongoni, bila Mama Hiza kujua mpaka alipomfungua kumnyonyesha ile pamba.

Nilimkuta amekaa kizingitini.

"Nimezaa, nimezika," akasema. "Sikudhani nitalilia nyani." Akatazama bondeni. "Wale wengine bado wako kule chini?"

"Wako."

"Wanataka kuvuka?"

"Wasipovuka watakwisha."

"Basi wavushe. Wewe si ndiye Bibi Miti?"

Siku hiyo hiyo aliwafunga mbwa wake kamba. Nami nikarudi kituoni nikijua kwamba nimepewa amri ambayo hakuna ofisi iwezayo kuitangua.

Wazo la kuwatundikia kamba lilikuwa rahisi. Kama matawi hayakutani, tuyakutanishe. Nilishuka hadi Korogwe, kwenye shamba la mkonge lililokuwa likifa taratibu; mitambo ilikuwa imelala, lakini bohari bado ilikuwa na kamba za katani ambazo hakuna aliyezihitaji. Msimamizi alinipa, akaniuliza ni za ng'ombe wangapi. Nilimwambia ni za mbega. Alinipa na nyingine, nadhani kwa huruma.

Wa kupanda alikuwa Kaniki, kaka yake Mama Hiza, mrina asali. Alikuwa mtu wa maneno machache chini na maneno mengi juu. Akifika kileleni huanza kuimba na kumwagia matusi kila mdudu kwa jina lake. Alifunga kamba upande wa bondeni, akarusha ng'ambo, akaifunga kwenye mse mkubwa. Tukakaa kusubiri.

Waliovuka wa kwanza walikuwa kima. Walivuka siku ya pili yake, kundi zima, kwa furaha, moja kwa moja hadi mashamba ya ng'ambo ambayo tangu barabara ipanuliwe yalikuwa yamepata nafuu kidogo. Kijiji kiliitisha mkutano, na mada nilikuwa mimi.

"Serikali inatujengea zahanati?" mzee mmoja akauliza. "Haijengi. Inawajengea kima daraja!"

Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kunipenda. Nilisimama nikaeleza nilivyoweza. Sauti zilipanda. Ndipo Mama Hiza akainuka.

"Mimi ndiye ninayeibiwa kuliko ninyi nyote," alisema. "Shamba langu ndilo la mwisho. Kima walikuwa wakija kabla ya kamba na watakuja baada ya kamba. Wao hawaogopi kushuka chini. Kamba mkiikata mtamuua mbega peke yake, na mbega hajanilia hata punje. Nilichokoa tumbo lake kwa mkono huu."

"Kwa hiyo mahindi tufanyeje?"

"Tulinde kwa zamu. Kila mtu akilinda peke yake anasinzia. Na pale mpakani tusipande mahindi, tupande chai. Nani amewahi kumwona kima anakunywa chai?"

Mkutano haukuisha kwa makofi. Uliisha kwa watu kwenda nyumbani wakinung'unika, ambayo kwa uzoefu wangu ni dalili bora kuliko makofi. Zamu zilianza. Nami nililinda zangu, kwa debe na fimbo, na naweza kushuhudia kwamba kima anajua saa ya chakula cha mchana cha mlinzi kuliko mlinzi mwenyewe.

Mbega walikuja mpaka kwenye kamba, wakaigusa, wakarudi. Kisha mvua za masika zikaja na ukungu wake. Katani ni mali ya jua. Ikaoza, na asubuhi moja ikakatika ikaangukia kioo cha lori la magogo. Dereva hakuumia, ila alipaza sauti hadi wilayani. Niliitwa. Mkubwa aliyenikalisha alikuwa mtu mwenye adabu. Aliniambia ofisi haina fungu la kutundika kamba za nyani.

"Ni mbega, mheshimiwa."

"Bibi Zuhura, nakuomba uache mchezo huu."

Nilimshukuru, nikaondoka. Hakusema ananikataza, alisema ananiomba. Nimetumikia serikali kwa kusikiliza maneno vizuri.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Tanga kumwona mama, na kutoka hapo nikaenda mtaa wa Usagara, kwenye duka la vifaa la Bwana Hasanali. Familia yake ya Kihindi ilikuwa imeuza misumari, rangi na kamba hapo tangu baba yangu akiwa kijana, na baba alikuwa mteja wao. Alikuwa nyuma ya kaunta, miwani puani, kofia ya darizi kichwani.

"Salaam aleikum, mjomba."

"Wa aleikum salaam. Binti wa fundi Mbaruku! Nasikia umekuwa mtu wa milimani. Umepoa, hata rangi imebadilika. Nikupe nini?"

"Kamba isiyooza kwenye ukungu."

"Ya kazi gani?"

Nikamweleza. Nilitegemea acheke, naye alicheka, mpaka akavua miwani kuifuta. Lakini alipoivaa tena alianza kuuliza maswali ya mtu wa kazi. Mbega mkubwa ana uzito gani? Anashika kwa mkono mmoja au miwili? Anaruka au anatembea? Nilipomwambia hana dole gumba, akasimama.

"Basi wewe umempa kamba nyembamba! Mtu asiye na gumba utampaje kitu chembamba? Ateleze afe?" Akanipeleka stoo ya nyuma. Kulikuwa na kamba ya kufungia meli, ya nailoni, nene kama mkono wangu, imechakaa kidogo kwa chumvi. "Hii bandarini wameitupa, mimi nikaiokota, mke wangu ananisema kila siku. Ichukue. Hii imeshika meli, itashindwa kushika mbega?"

Kondakta wa basi la Lushoto alikataa kuipakia mpaka nilipomwambia ni ya serikali. Ilikuwa kweli kwa kiasi, kwa kuwa nami nilikuwa wa serikali.

Safari hii hatukuharakisha. Nilirudi kwenye jiwe, kama siku yangu ya kwanza kazini, na nikakaa, asubuhi baada ya asubuhi, jicho la kushoto kwenye darubini, nikitazama mbega wenyewe wanapenda kusogea wapi. Mara ya kwanza tulikuwa tumefunga kamba mahali palipokuwa rahisi kwa Kaniki. Sasa tuliifunga mahali walipokuwa wakikaa wao, kwenye mshai uliosimama ukingoni, na ng'ambo tukaifikisha ndani kabisa ya matawi ya mkulo, si kwenye shina tupu. Tulikata ile kamba ikawa mbili, tukazilaza sambamba, tukazifunga vijiti katikati kama ngazi, na Kaniki akachomeka matawi ya majani mabichi njia nzima. Alitukana siafu wote wa Usambara siku ile.

Tukasubiri. Majani yakakauka, Kaniki akapanda kubadilisha. Yakakauka tena. Madereva walipiga honi kwa dhihaka wakipita chini. Mama Hiza alikuwa akija akitoka shambani, anakaa nami kidogo, anaondoka. Hakuniuliza kama watavuka. Nami sikuwa nikijiuliza tena. Nilikuwa nimekwisha amua kwamba kama si kamba hii itakuwa nyingine.

Walivuka mchana wa jua, baada ya mvua. Dume alitangulia hadi katikati, akasimama, kamba ikayumba, akarudi. Kisha jike mmoja akaingia. Alikuwa na mtoto mweupe amemng'ang'ania tumboni. Hakusimama. Alikwenda taratibu, mkono mmoja kila kamba, kulabu kwa kulabu, na mtoto amegeuza uso anatazama chini, barabara ile nyekundu.

Mama Hiza alikuwa pembeni yangu na jembe begani. "Vuka, mwanangu," alikuwa akisema polepole. "Vuka. Hakuna mbwa."

Jike alipoufikia mkulo, majani yakamfunika. Wengine wakafuata, na dume akawa wa mwisho, kama mtu anayefunga mlango. Mama Hiza alilishusha jembe, akajifuta uso kwa kanga, akasema anakwenda kupika. Nami nilibaki na darubini mpaka matawi ya mkulo yakatulia.

Lakini kamba ni kamba. Mwaka huo huo tulianza kupanda mishai pande zote mbili za barabara. Ni kazi ambayo nisingependa mjidanganye kuihusu. Mbuzi waliila. Watu waliikata kufanya fito. Katapila la kusawazisha barabara lilifukia safu nzima, tukapanda tena. Wakati fulani nilifikiri nimepanda ile miche zaidi kwa hasira kuliko kwa matumaini, lakini mche hauulizi. Kila mvua Mama Hiza alitoa watoto wake na jirani zake, na chai yake ya mpakani ilikuwa imekwisha kushika, anauza majani kiwandani, anawatambia waliomcheka. Magogo makubwa yalipokwisha, malori yakapungua. Mishai haikupungua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipita pale na Kaniki, kukagua kamba kama kawaida yetu. Alikuwa amezeeka, nami vile vile. Tulikuwa tunatembea kwa kupokezana kusimama. Kamba ilikuwa na kuvu la kijani, na kwenye vijiti buibui walikuwa wametanda bila kusumbuliwa na mtu.

"Haijapitwa muda mrefu hii," Kaniki akasema.

Tulitazamana kwa hofu. Nikatoa darubini. Nikatafuta mkulo, nikatafuta mshai, sikuona kitu. Ndipo jani likaniangukia begani. Tukainua vichwa.

Mishai ya pande mbili ilikuwa imekutana. Sijui ilikutana lini. Tulikuwa tukitazama kamba muda wote. Mbega walikuwa juu yake, wanapita kutoka bondeni kwenda mlimani, wanakula wanapopita, wala hawaruki kwa haraka, tawi hadi tawi, kama watu wanaopita sebuleni kwao.

Tuliishusha kamba siku hiyo. Mama Hiza alitoka shambani akaichukua, akasema itamfaa kwa ng'ombe, maana iliwahi kushika meli. Tukaikunja sote watatu katikati ya barabara, tukihema na kucheka. Juu yetu mbega waliendelea kupita. Hakuna hata mmoja aliyetazama chini.